Kuishinda Hofu ya Kung'olewa Gego la Mwisho

Wako watu mashujaa wasioogopa kuteka maji katika mto Sabaki wenye mamba na viboko, lakini wakiambiwa ya kwamba kesho waende kung'olewa jino, usingizi huwapotea usiku kucha. Jambo hili si la watu wa mahali pamoja. Liko London na Nairobi, na liko vile vile Jilore, katika nchi ya Wagiriama, magharibi ya mji wa Malindi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kwa mtu wa shamba hofu hii hupata visingizio vingi. Leo mahindi yanataka kupaliliwa. Kesho nauli ya matatu haijapatikana. Kesho kutwa kuna matanga kwa jirani. Jino likipoa kidogo, mgonjwa hujiambia, "Limekwisha kupona." Wiki mbili baadaye linarudi, na safari hii limekuja na uvimbe.

Somo letu la leo ni kueleza hofu hiyo inatoka wapi, inamdhuru mtu kwa njia gani, na namna ya kuituliza kabla ya siku ya kung'olewa jino. Neno kubwa tunalotaka kila msomaji alishike ni hili: mtu aogopaye maumivu na kwa hiyo akachelewa, huyaleta maumivu yale yale aliyokuwa akiyakimbia.

GEGO LA MWISHO NI JINO GANI?

Mtu mzima aliyeota meno yote ana meno 32. Kati ya hayo, manne ya mwisho kabisa, mawili juu na mawili chini, ndiyo magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya akili kwa sababu huota wakati mtu ameingia katika utu uzima. Kwa kawaida huanza kutokeza kati ya miaka 17 na 25. Wako watu wasiopata hata moja, na hilo si ugonjwa.

Kwa kuwa gego hili huja mwisho, mara nyingi hukuta nafasi imekwisha, kama abiria anayefika kituoni na kukuta gari limejaa. Basi huota upande, au hulala ndani ya mfupa wa taya na kulisukuma jino lililo mbele yake, au hutoka nusu na nusu nyingine ikabaki chini ya ufizi. Hiyo nusu ndiyo yenye matata mengi. Chakula huingia chini ya kipande cha ufizi kilichofunika jino, mswaki haufiki, vijidudu huzaana, na ufizi huvimba na kutoa usaha. Mgonjwa huona uchungu akimeza, na pengine mdomo hukataa kufunguka.

Hata hivyo ifahamike ya kwamba si kila gego la mwisho linapaswa kung'olewa. Nchini Uingereza, mwaka 2000, taasisi ya serikali inayotoa maongozi ya matibabu, NICE, iliagiza ya kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yaachwe mahali pake. Kwa hiyo daktari akikuambia jino lako litoke, una haki ya kumwuliza kwa heshima, "Ni kwa sababu gani?" Kuuliza si ujinga. Mtu ajuaye sababu ya jambo huliogopa kidogo kuliko yule asiyeijua.

HOFU SI AIBU

Habari za meno zimetia watu hofu tangu zamani. Hapa pwani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na wazee wengi waliamini ya kwamba ataleta balaa nyumbani. Leo twajua ya kwamba mtoto wa namna hiyo hana neno. Lakini jambo hili laonyesha jinsi ambavyo mtu, asipojua sababu ya kitu, hukijaza kwa woga.

Hofu ya daktari wa meno ina vyanzo vitatu vinavyojulikana sana. Cha kwanza ni jambo lililompata mtu utotoni: alishikwa kwa nguvu, akang'olewa jino kabla ganzi haijashika, na mwili haukusahau. Cha pili ni hadithi. Mmoja husimulia penye mnazi jinsi alivyovutwa jino mpaka taya likalia, na kila msimulizi huongeza lake. Cha tatu ni kule kulala kitini mdomo wazi, mtu asiweze kusema wala kuona kinachofanywa. Hapo hata mtu mwenye cheo hujiona amenyang'anywa mamlaka juu ya mwili wake.

Wataalamu hawaidharau hofu hii. Mwaka 1969 Mmarekani Norman Corah alitunga maswali manne ya kupima hofu ya mgonjwa wa meno: atajisikiaje ikiwa kesho ana safari ya kwenda kwa daktari, akiwa anangoja zamu yake, na akiwa kitini wakati vyombo vinatayarishwa. Mwaka 1995 wataalamu wa Uingereza waliongeza swali la tano, la sindano. Kama hofu ingekuwa upuuzi, watu wenye elimu wasingehangaika kuipima. Basi usijitukane kwa kuogopa, wala usimcheke jirani yako aogopaye.

JINSI HOFU INAVYOZAA MAUMIVU

Sasa tutazame mzunguko ambao huwakamata watu wengi. Mtu huogopa, hivyo haendi. Kwa kuwa haendi, ugonjwa hukua. Ugonjwa ukikua, kazi ya kung'oa huwa ngumu na ndefu. Kazi ikiwa ngumu, mtu husema, "Nilijua itakuwa hivi," na hofu yake huongezeka maradufu. Akiumwa jino lingine, hatakwenda kabisa mpaka aletwe amebebwa.

Katika mzunguko huu liko jambo ambalo watu wengi hawalijui. Dawa ya ganzi hufanya kazi kwa kuingia ndani ya mishipa ya fahamu na kuzuia habari ya uchungu isifike kwenye ubongo. Lakini mahali palipovimba na kujaa usaha, nyama huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na asidi hiyo huizuia dawa isiingie vizuri ndani ya mishipa. Ndiyo maana aliyekwenda mapema hupigwa sindano akafa ganzi barabara, na aliyengoja mpaka shavu likavimba pengine huhitaji sindano zaidi, au hupewa kwanza matibabu ya kupunguza uvimbe ndipo jino ling'olewe siku nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Iko hatari kubwa zaidi. Usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuenea shingoni. Mwaka 1836 daktari Mjerumani aitwaye Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza ugonjwa huo, nao mpaka leo huitwa kwa jina lake. Sakafu ya mdomo huvimba na kuwa ngumu, ulimi husukumwa juu, mate hutoka kwa kushindwa kumezwa, na njia ya pumzi inaweza kuzibika. Mtu huweza kufa. Ukiona dalili hizo kwa mtu wa nyumbani kwako, usingoje asubuhi, bali mkimbize hospitali kubwa usiku huo huo.

Wako watu wanaojitibu nyumbani ili wasikutane na daktari. Karafuu ikiwekwa kwenye jino hupunguza uchungu kwa muda, kwa sababu ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, lakini haiondoi ugonjwa. Vidonge vya kuua vijidudu vilivyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari hutuliza uvimbe, kisha ugonjwa hurudi. Kusaga aspirini na kuiweka kwenye ufizi huunguza nyama. Na kung'olewa jino kwa koleo la fundi ni kuhatarisha maisha. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Vivyo hivyo dawa ya kubahatisha si matibabu.

WAZEE WETU HAWAKUWA NA SINDANO HII

Hadithi nyingi za kutisha zinazosimuliwa zina asili katika siku ambazo ganzi haikuwako. Hata huko Ulaya wakati ule meno yaling'olewa na vinyozi na wahunzi, nao wagonjwa walishikwa wasikimbie. Watu wale waliogopa kwa haki.

Mambo yalianza kugeuka Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani. Daktari wa meno Horace Wells alivuta hewa iitwayo nitrasi oksaidi, kisha akamwomba mwenzake John Riggs amng'oe jino moja la nyuma. Alipozinduka alisema hakuona uchungu. Mwaka uliofuata alijaribu kuonyesha jambo hilo mbele ya watu huko Boston, lakini mgonjwa alilia, na watazamaji wakamdhihaki. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguka. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji huo huo wa Boston, William Morton, naye daktari wa meno, alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha, na mgonjwa akapasuliwa uvimbe wa shingoni.

Dawa ya kutia ganzi mahali pamoja, bila kumlaza mtu, ilikuja baadaye. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alitia ganzi jicho kwa kokeini. Dawa hiyo ilikuwa na madhara, basi wataalamu wakatafuta nyingine. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi alitengeneza lidokeini, ambayo mpaka leo ni miongoni mwa dawa za ganzi zinazotumiwa sana na madaktari wa meno ulimwenguni, na katika hospitali zetu pia. Basi anayekuhadithia mateso ya babu yake anasema kweli, lakini babu yake hakupigwa sindano hii.

SIKU ZA KABLA YA KUNG'OLEWA

Kazi ya kuishinda hofu huanza nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari. Yafaa kufanya mambo haya:

1. Uliza mapema. Ukikaa Jilore, uliza katika zahanati iliyo karibu nawe ni siku gani kliniki ya meno hufanya kazi katika hospitali ya Malindi au ya Kilifi. Safari ya bure humvunja moyo mtu mwoga, na mara nyingi harudi tena. Uliza pia habari ya malipo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imeshika nafasi ya NHIF. Jua kabla ya kwenda ni huduma gani utakayolipiwa na ni ipi utakayolipa mwenyewe.

2. Omba nafasi ya asubuhi. Kungoja mchana kutwa hulisha hofu. Anayehudumiwa asubuhi ana faida nyingine tena: damu ikitoka tena baadaye, mchana bado upo wa kumwona daktari.

3. Andika katika karatasi mambo ambayo daktari lazima ayajue: dawa unazokunywa, hasa zile za kuifanya damu iwe nyepesi, ugonjwa wa sukari, wa shinikizo la damu, wa moyo au wa pumu, dawa iliyowahi kukudhuru, na kama una mimba. Chini ya hayo andika: "Naogopa sana." Kama huwezi kusema kwa kinywa, mpe karatasi asome.

4. Chagua mtu wa kwenda naye. Asiwe mcheshi wa kukutania, wala asiwe mwoga kuliko wewe. Mtu mtulivu aliyewahi kung'olewa jino akapona ndiye afaaye.

5. Jizoeze kuvuta pumzi kila usiku kabla ya kulala. Kaa au lala, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu mpaka 4, kisha itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo kwa muda wa dakika tano. Pumzi itokayo polepole huuambia moyo upunguze mwendo. Lakini hili ni zoezi. Asiyejizoeza nyumbani hatalikumbuka kitini.

ASUBUHI YENYEWE

Ikiwa utapigwa sindano ya ganzi tu, kula chakula chepesi kabla ya kwenda, maana mwenye njaa huona kizunguzungu upesi. Lakini ikiwa umeambiwa utapewa dawa ya usingizi kamili, kama inavyofanywa pengine kwa gego lililozama sana ndani ya mfupa, usile wala usinywe kwa saa zile utakazoagizwa. Amri hiyo isivunjwe, kwa sababu chakula kilichomo tumboni kinaweza kuingia mapafuni.

Wako vijana wanaodhani ya kwamba kikombe cha mnazi kitawapa moyo. Hilo ni kosa. Pombe yaweza kuzidisha kutoka damu, nayo haipatani na dawa nyingi utakazopewa. Wengine hutafuna miraa au muguka njiani. Majani hayo huufanya moyo kwenda mbio na mawazo kukosa utulivu, na hayo ndiyo mambo yale yale unayotaka kuyapunguza. Sigara nayo huchelewesha kidonda kupona. Siku hiyo viache vyote.

NDANI YA CHUMBA CHA DAKTARI

Tuseme kijana wa kike wa miaka 24 ametoka Jilore, naye ameingia kwa daktari huku magoti yakimtetemeka. Mazungumzo yao yafaa yawe ya namna hii:

"Daktari, mimi naogopa sana. Tangu jana sikulala."

"Umefanya vema kuniambia, dada. Wako wengi kama wewe. Waogopa nini hasa, sindano au kuvutwa kwa jino?"

"Naogopa ganzi isije ikakataa kushika, nikaona uchungu nami siwezi kusema."

"Basi tupatane. Ukiona uchungu, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha papo hapo na kuongeza dawa. Tena kabla ya kuanza nitaugusa ufizi kwa kitu chenye ncha, uniambie unasikia nini. Sitaanza kabla hujaniambia umekufa ganzi."

"Ahsante, daktari. Na utanieleza kila unalolifanya?"

"Nitakueleza kila hatua. Na kama hutaki kuona vyombo, fumba macho."

Tazama, msomaji, ni maneno machache tu, lakini yamemrudishia mgonjwa mamlaka yake. Alama ya mkono ina nguvu kubwa. Watu wengi waliopatana nayo hawaitumii hata mara moja, kwa sababu yatosha kujua ya kwamba wanaweza kuitumia. Mficha maradhi kifo humfichua, na mficha hofu naye hubaki peke yake na hofu yake.

Sasa tuseme mambo utakayoyasikia, ili yakija usishtuke. Kwanza utachomwa sindano katika ufizi, na utaona uchungu mdogo wa muda mfupi. Dawa hiyo mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae zaidi na kupunguza damu. Adrenalini yaweza kuufanya moyo upige haraka kwa dakika chache. Usidhani ya kwamba unakufa. Vuta pumzi kama ulivyojizoeza, moyo utarudi katika mwendo wake.

Baada ya dakika chache nusu ya mdomo wa chini na ulimi vitakuwa vizito kama si vyako, ikiwa gego ni la chini. Ndipo daktari ataanza. Hapa ndipo wengi hukosea: ganzi huondoa uchungu, lakini haiondoi kusikia msukumo. Utasikia ukisukumwa, utasikia taya likitikisika, na pengine utasikia mlio, kwa sababu mfupa hupeleka sauti sikioni. Msukumo si uchungu. Kama ni msukumo tu, endelea kupumua. Kama ni uchungu mkali, inua mkono. Pengine daktari ataukata ufizi kidogo au kuligawa jino vipande ili litoke kwa urahisi, kisha atashona kwa uzi. Gego lililonyooka laweza kutoka kwa dakika chache. Lililolala ndani ya mfupa huchukua muda zaidi.

Wako watu ambao wakiona sindano au damu huzimia. Kwao kulegeza mwili hakutoshi, kwa kuwa shida yao ni shinikizo la damu kushuka ghafla. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa nafsi wa Uswidi, Lars-Göran Öst, alifundisha njia ya kuwasaidia: kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa muda wa sekunde 10 au 15 mpaka uso upate joto, kisha kuilegeza kidogo, na kurudia mara kadhaa. Kukaza huko huinua shinikizo la damu. Ikiwa umewahi kuzimia, mwambie daktari akulaze kabla ya kukuchoma.

BAADA YA JINO KUTOKA

Mtu akijua kazi iliyo mbele yake baada ya jino kutoka, hofu hupungua pia. Utapewa kitambaa cha pamba ukiume kwa nguvu kwa muda wa nusu saa. Siku ya kwanza usisukutue mdomo, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara wala usinywe kwa mrija, ili bonge la damu lililoziba shimo lisitoke. Bonge hilo ndilo bandeji ya asili. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku mbili au tatu uchungu mkali huja. Ikiwa hivyo, rudi kwa daktari, maana dawa yake iko.

Ganzi itakaa saa kadhaa. Usile chochote cha moto wakati huo, usije ukajiuma mdomo au kujiunguza. Meza dawa ya maumivu uliyopewa kabla ganzi haijaisha kabisa, wala usizidishe kipimo. Baada ya saa 24 anza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula. Uji uliopoa, mchuzi na ndizi laini vitafaa kwa siku za kwanza. Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, usishtuke.

Tusiseme ya kwamba hakuna hatari yo yote. Mara chache mshipa wa fahamu ulio karibu na mizizi ya gego la chini huumia, na mdomo au ulimi hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache zaidi kwa daima. Ndiyo maana daktari hutaka kwanza kutazama picha ya eksirei. Mwulize juu ya hatari hiyo kabla ya kazi. Na ukiona damu haikomi baada ya kuuma kitambaa, au homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au shida ya kumeza na kupumua, rudi hospitali bila kukawia.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto anapokuwa mtundu, usimwambie, "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Maneno hayo huwa mbegu, na baada ya miaka ishirini mbegu hiyo huota mti. Mtu mzima aliyevimba shavu, asiyetaka kupanda gari kwenda Malindi, mara nyingi ni yule mtoto aliyetishwa. Mpeleke mtoto kwa daktari wa meno siku ambayo haumwi, aone kiti, azoee mahali pale, arudi nyumbani akicheka. Na wewe uliyeng'olewa gego ukapona, simulia hayo pia penye baraza, si yale ya kutisha tu.

MASWALI YA KUSOMEA PAMOJA

Haya yafaa kuulizwa shuleni, katika vikundi vya akina mama na vya vijana, au nyumbani jioni:

1. Kwa nini magego ya mwisho hukosa nafasi, na je, yote lazima yang'olewe?

2. Eleza kwa nini dawa ya ganzi hushika vizuri zaidi kwa mtu aliyekwenda kabla shavu halijavimba.

3. Msukumo na uchungu vinatofautianaje, na mgonjwa afanye nini akiona uchungu?

4. Ni dalili zipi za uvimbe wa jino zinazotaka mgonjwa akimbizwe hospitali usiku huo huo?

5. Katika nyumba yako, nani anaumwa jino naye anaficha? Utamwambia nini, na ni nani atakayefuatana naye?

Msomaji atakayelijibu swali la tano kwa vitendo, akamchukua ndugu yake mpaka kwa daktari wa meno kabla ufizi haujavimba, atakuwa amelielewa somo hili lote.